Umekata mti na unarudi tena: ungoe kisiki, umenye ganda, upake dawa ao ufunike?

Hapa Bukavu kila mwenye parsele anaijua hii shida. Unaita vijana wenye tronsoneze, wanaangusha ile kalitusi iliyokuwa inainamia mabati, matawi yanaenda kuwa kuni, shina linakuwa mbao, unalipa, unasema Mungu asante. Miezi miwili haijaisha, kisiki kimevaa majani tena, vichipukizi vimejaa kuzunguka pale tronsoneze ilipita, na ukiviacha mwaka mzima uko na miti sita pale palipokuwa na mmoja. Halafu njo maswali yanaanza: nimwage chumvi? nimwage mazutu? nichimbe? kuna dawa kwenye butike ya mbegu? Nataka niziweke hizi njia pembeni moja kwa ingine ili kila mtu achague kufuatana na parsele yake, juu jibu la mtu wa Nguba mwenye bustani karibu na ziwa haliwezi kuwa jibu la mtu wa Funu mwenye nyumba kwenye mteremko, na la ndugu yetu wa Goma mwenye jiwe la volkano chini ya nyasi ni lingine kabisa.

Kabla hujatoa hata franga moja, jua ni mti gani. Sipre na paini haziamki: ukikata chini ya tawi la mwisho lenye majani mabichi imekwisha, na mtu anayekuuzia dawa ya kisiki cha sipre anakula feza yako bure. Grevilea ukiikata chini kabisa mara nyingi inalegea yenyewe, ingawa ukiacha shina refu inachipuka vizuri, njo maana wakulima wanaikata kichwa na haifi. Wabishi wenyewe ni kalitusi, fikusi, avoka, embe, jakaranda, leusena. Na mapera, ile iko na ubishi wa aina yake, juu haitoki kwenye kisiki tu, inatoka hata kwenye mizizi iliyotambaa mbali, unakata hapa inatokea kule karibu na jikoni.

Halafu uelewe nguvu ya kurudi inatoka wapi. Chini ya ganda la kisiki kuna macho yaliyolala, yaani vile vidoti ambamo vichipukizi vinatokea, yamelala tangu mti uko mdogo, yanazuiliwa na kichwa cha mti kilicho juu. Kichwa kikianguka, yanaamka. Chakula yanakipata kwenye mizizi, kule mti umeweka akiba ya wanga. Kwa hiyo njia yoyote inayofanya kazi inaondoa macho, ao inamaliza akiba, ao inaua mizizi yenyewe. Njia ambayo haigusi hata moja kati ya hayo ni kupoteza muda, hata kama jirani anakuapia. Msumari wa shaba kwa mfano: mti unaufunika na mbao mpya na unaendelea.

Tuanze na kungoa, juu njo watu wengi wanafikiria kwanza. Ukitoa kisiki pamoja na ile mizizi minene ya chini yake hakuna kitu cha kurudi, isipokuwa mapera, maana vipande vya mizizi vinavyobaki vitachipuka. Ni njia ya kuchagua kama mti ulikuwa bado mwembamba, ao kama unataka kujenga palepale, juu kisiki kikioza chini ya sima udongo unashuka na ukuta unapasuka. Lakini ni kazi ya vijana wawili watatu siku nzima na zaidi, sururu, shoka, chuma kirefu cha kusukumia, na kati ya njia zote yenyewe njo inakula feza nyingi. Kwa kalitusi mnene ya miaka mingi wengine wanachimba siku ya kwanza na moyo, siku ya pili wanaomba waongezewe, siku ya tatu hawarudi.

Na hapa kwetu kuna jambo kubwa kuliko feza. Bukavu imejengwa juu ya milima ya udongo mzito, mvua ikinyesha kwa nguvu udongo unateremka na nyumba za watu, tumezika watu juu ya hiyo. Kisiki kilicho kwenye mteremko kinashika udongo na mizizi yake. Ukikichimba unafungua shimo mahali pabaya kuliko pote, maji yanaingia, na kilicho juu kinaanza kutafuta njia ya kushuka. Naomba kabisa ndugu zangu, kisiki cha mteremkoni kisichimbwe, sana sana kama chini yake kuna nyumba, iwe yako ao ya jirani.

Goma ni shida ingine. Pale lava ya mwaka 2002 ilipopita, na sehemu nyingi za mji zilizokaa juu ya lava za zamani, udongo ni kidogo sana, wengine wameuleta na kamyo, chini ni jiwe tupu, na mizizi imeingia ndani ya nyufa za lile jiwe. Huwezi kuitoa bila kupasua jiwe lenyewe. Tena upande wa magharibi, kule Lac Vert, Bulengo na njia ya Sake, watu wanajua mazuku: ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya mahali pa chini. Sasa shimo la kisiki ni mahali pa chini. Mtu anainama ndani asubuhi mapema, upepo haujaja kutawanya, na anaweza kuanguka palepale, na anayeruka kumuokoa anaanguka naye. Kama kartie yenu iko na mazuku, kuchimba shimo refu ni kuweka maisha ya vijana wa kazi kwenye hatari juu ya kisiki tu, chagua njia ingine.

Njia ninayoipenda mimi, na ninaona watu wanaipita bila kuitazama, ni kumenya kisiki. Unakata mti, unaacha kisiki cha kama sentimeta 30 upate pa kufanyia kazi, halafu unatoa ganda lote kuanzia juu mpaka chini, na usisimame ukifika kwenye udongo: unafukua kuzunguka shina, sentimeta 10 hivi, mpaka uone pale shina linapogeuka mizizi, unamenya mpaka hapo. Huko chini njo macho mengi yamejificha. Kwenye kalitusi nyingi utaona uvimbe wa mbao pale shina linapoingia udongoni, mgumu kama ngumi iliyofungwa, na ukimenya juu ukaacha ule uvimbe na ganda lake, kazi yote ni bure, vichipukizi vitatokea hapohapo.

Ukifanya wakati wa mvua ganda linakuja lenyewe: unachora mstari na ncha ya panga, unaingiza panga chini ya ganda, unavuta, linatoka utepe mrefu mpaka chini, na mbao inabaki nyeupe, yenye utelezi ukiigusa na kidole. Ule utelezi ni ile ngozi nyembamba inayotengeneza mbao mpya na ganda jipya, uukwangue mpaka mbao iwe kavu mkononi. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka karibu katikati ya mwezi wa tisa, ganda limeshikamana, utalichonga kipande kwa kipande na shoka dogo na utatoka jasho. Kwa hiyo kama unaweza kuchagua wakati, kata na umenye siku moja, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, kisiki kingali kibichi.

Faida yake ni kwamba panga unayo tayari, hakuna sumu, mtoto anaweza kucheza pembeni, kuku anaweza kuparua, na mizizi inabaki ndani inaendelea kushika udongo kwa muda. Ubaya wake ni kwamba inataka macho makali. Wiki chache zikipita urudi kuangalia kama kuna jicho lililobaki, sana sana kwenye ile kona kati ya mizizi miwili ambako panga haifiki vizuri, ulikwangue na ncha ya kisu. Na kwa fikusi kumenya peke yake mara nyingi haitoshi, ile mti tawi lake likitupwa tu kwenye udongo wenye maji linaweza kushika, kwa hiyo hata matawi yake usiyafanye lupango kama hutaki fikusi ingine.

Kuna wanaomenya mti ungali umesimama, wanatoa pete ya ganda kuzunguka shina na kungoja. Majani hayawezi tena kupeleka chakula chini, mizizi inakula akiba mpaka inaisha, mti unakauka pole pole, miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Shambani, mbali na njia na nyumba, ni vizuri sana, juu ukija kuukata mizizi haina tena nguvu ya kurudisha kitu. Kwenye parsele ya mjini hapana. Mti mkavu uliosimama unaangusha matawi bila kuonya, na mabati ya jirani hayajui kwamba ulikuwa unangoja.

Sasa dawa. Tuseme ukweli, ikitumiwa vizuri inafanya kazi sana, na kwa fikusi na mapera pengine ni yenyewe itakutoa. Inayojulikana ni glifosati, ilianza kuuzwa mwaka 1974 na leo iko na majina mengi kwenye bido za kila rangi. Inaingia kwenye mishipa ya mti na kushuka mpaka mizizi, njo maana inapakwa palepale kisiki kikikatwa, dakika tano kumi, isizidi robo saa, mti haujafunga mishipa yake. Ukipaka kesho yake umepaka mbao. Na haipakwi kila mahali: kwenye kisiki kinene katikati ni mbao iliyokufa zamani, haipeleki kitu, unapaka ile duara ya nje, sentimeta mbili tatu karibu na ganda, na pinso, mpaka ilowe. Kisiki cha zamani unakikata tena kipande chembamba upate mbao mbichi, ndiyo upake. Siku ile anga iwe safi, juu mvua ikinyesha masaa machache baadaye inaosha kila kitu na inapeleka chini kwa wengine.

Uzuri wa kupaka na pinso ni kwamba unatumia kidogo sana kuliko kunyunyiza, na haigusi maboga yako. Lakini kuna kitu watu hawakijui: miti ya aina moja iliyopandwa karibu karibu mizizi yake inaweza kuungana chini ya udongo. Ukipaka kisiki cha kalitusi moja ya mstari wa lupango, ile ya jirani inaweza kuanza kukauka, na hapo mutaitana kwa shefu wa avenyu. Kama kuna mti wa aina ileile pembeni ambao mtu anautaka, dawa iache.

Kuhusu afya, IARC, kituo cha utafiti wa kansa cha OMS, lile shirika la afya la dunia, mwaka 2015 kiliweka glifosati kwenye kundi la vitu ambavyo inaelekea vinaleta kansa kwa mtu, na Umoja wa Ulaya nao mwaka 2023 ukairuhusu tena kwa miaka 10. Wakubwa hawajapatana, kwa hiyo wewe ujilinde: glavu, buti, mikono mirefu, unaoga ukimaliza, na usiihamishe hata siku moja kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata ukiiandika, mtoto hasomi. Kisiki kikiwa karibu na ziwa, ao mfereji unaoshuka kwenye Ruzizi, ao siterne ya maji ya mvua munayopikia, sahau dawa, menya.

Na butike wakikupa parakwati, rudisha. Watu wanaisifu juu inaunguza majani siku moja ao mbili, lakini inaunguza pale tu inapogusa, haishuki kwenye mizizi, kwa kisiki haina kazi yoyote, na mtu akiimeza hata kidogo hakuna dawa ya kuigeuza. Ulaya iliikataza tangu 2007. Kwa hiyo usisome jina kubwa la rangi pale mbele, soma yale maandiko madogo yanayosema ndani kuna nini.

Kufunika nitapita haraka. Unakata kisiki chini kabisa, unaweka shitingi nyeusi ao lile turubai la zamani lisilopitisha mwangaza, unazika kingo zake na mawe na udongo, na unaacha mwaka mzima. Bila mwanga vichipukizi vinatoka vyeupe, dhaifu, vinakufa. Inasaidia sana ukishamenya kwanza. Peke yake kwa kalitusi mnene ni kamari, na shitingi ikipasuka kidogo kichipukizi kinapata ule upenyo.

Njia ya bure kabisa ni kuvunja vichipukizi kila vinapotoka. Siri yake ni muda: kichipukizi kichanga kinakula akiba ya mizizi, majani yakikomaa yanaanza kurudisha. Ukikivunja majani yangali laini, kila wiki tatu nne wakati wa mvua, mizizi inatoa bila kupata. Ukikipa msimu mmoja wa kukua umerudi mwanzo. Kivunje na mkono kuanzia pale kinaposhikia, usikikate katikati na panga, ukikata katikati kinatoa viwili. Kwa mti mkubwa hesabu mwaka mmoja mpaka miwili, inafaa mtu anayelala kwenye parsele yenyewe, haifai mtu aliye Kinshasa mwenye parsele huku. Wengine wanatumia mbuzi, kwa leusena ni sawa, mbuzi anaipenda, umchanganyie na majani mengine tu juu leusena nyingi sana inamdhuru. Kwa kalitusi mbuzi hatakusaidia, majani yake hayali. Lakini kisiki cha avoka, mbuzi asisogee: majani ya avoka yako na sumu inaitwa persini, inaharibu matiti na moyo wa mbuzi. Nimeona watu wanakata tawi la avoka na kumtupia mbuzi kama zawadi, inaniumiza.

Chumvi, mazutu, mafuta ya vidanji, asidi ya batri, hizi naziweka pamoja juu jibu ni moja. Mama jirani aliniuliza, papa, nikimwaga chumvi kilo tano kisiki si kitakufa? Nikamwambia pengine kitakufa mama, lakini na sombe itakufa, na lengalenga, na pale pahali hapataota kitu mpaka mvua nyingi zioshe, na ikioshwa inaenda kwa watu wa chini. Chumvi pia inakula vyuma vilivyo ndani ya sima, kwa hiyo karibu na fondasio ni kujichimbia mwenyewe. Mafuta ya vidanji yako na metali za sumu, na hapa kwetu kila kinachomwagwa mlimani kinafika ziwani, kule tunavua sambaza na watu wanachota maji. Na kuchoma kisiki kwenye kartie ya nyumba za mbao zilizosongamana, tafadhali, moto unatembea ndani ya mzizi chini ya udongo na unaweza kutokea mbali na pale ulipouwasha, na sisi tunajua moto ukishika kwenye nyumba za mbao unafanya nini.

Kwa hiyo ningekuwa na mti mwembamba kwenye uwanja sawa, ningengoa. Kalitusi, jakaranda ao embe kwenye uwanja wa kawaida, ningemenya mpaka kwenye mizizi na kuvunja kitakachobaki. Fikusi iliyoshika ukuta, ao mapera inayotokea kila mahali, ningepaka dawa na pinso, siku moja, kwa uangalifu, mbali na maji. Goma juu ya jiwe, kumenya pia, na kufunika juu yake, ile shitingi inazikwa vizuri na mawe maana mawe hayakosekani.

Mteremko njo unanipa mawazo zaidi. Kumenya hakuchimbi shimo, lakini mizizi iliyokufa inaoza, na baada ya miaka michache haishiki tena kitu. Kwa hiyo usiue mti wa mteremko kabla hujapanda cha kuchukua nafasi yake, vetiva ao matete, mistari inayokata mteremko, vishike kwanza msimu mmoja ao miwili. Na kama mteremko ni mkali, mimi ningeacha kisiki kiwe hai. Kinachokusumbua ni urefu wa kalitusi na uzito wake juu ya nyumba, mizizi yake haikusumbui, basi kata, acha vichipukizi vitatu vinne vizuri, na uvivune vikifika unene wa sitiki ya kujengea, sitiki haikosi mnunuzi. Kisiki kinabaki kifupi, udongo unashikwa, na unapata kitu.

Avoka nayo, uliza kwanza unaichukia juu ya nini. Kama ni matunda yake tu, yenye nyuzi ao yanayooza yakiwa mtini, usimalize mti. Acha kichipukizi kimoja ao viwili vyenye nguvu kwenye kisiki, tafuta mtu anayejua kupandikiza, aweke kijiti cha avoka nzuri juu yake. Mizizi ni ya zamani, iko na nguvu yote, itazaa mapema kuliko mche unaoununua kwenye sashe.

Na kwa wenye leusena, kisiki kikifa kazi haijaisha. Zile maganda zilimwaga mbegu miaka yote, ziko na ngozi ngumu, zinakaa udongoni miaka mingi bila kufa, na mti ukianguka miche inapata mwanga. Kila mvua pitia pale, miche inatoka na mkono bila shida udongo ukiwa umelowa, ikiwa bado mifupi kuliko kidole. Ikipita hapo inashika mzizi mrefu wa chini, na utahitaji sururu.